Kibaba, Mche na Pia: Maneno ya Hisabati na Kazi Zilizoyazaa

Mwaka 1967, Serikali ya Tanzania ilipoamua kwamba Kiswahili kiwe lugha ya kufundishia katika madarasa yote ya shule za msingi, madarasa ya mwanzo hayakupata taabu kubwa, kwa kuwa yalikwisha kuizoea lugha hiyo tangu zamani. Mzigo uliyaangukia madarasa ya juu, yale ambayo katika miaka ya 1950 yalijulikana kama shule za kati, na ambayo hesabu zake zilifundishwa aghalabu kwa Kiingereza. Mtoto wa miaka kumi na miwili au kumi na minne hajifunzi tena kujumlisha na kutoa peke yake. Anajifunza sehemu na uwiano, maeneo na ujazo, vigawo na vigawe, pembe na maumbo. Na kila kimoja katika hivyo kilihitaji jina ambalo mwalimu angeweza kulitamka mbele ya darasa pasipo kusita.

Wasomaji wa jarida hili wanafahamu njia zinazotumika kuunda istilahi: kutohoa, kutafsiri, kupanua maana ya neno la zamani, kurudi katika lugha za Kibantu au Kiarabu. Wanafahamu pia kwamba Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa kwa sheria ya mwaka huo huo wa 1967, na kwamba vitabu vyake vya Tafsiri Sanifu vilianza kutoka katika miaka ya 1970. Jambo ambalo halijazungumzwa vya kutosha ni kwamba maneno mengi ya hisabati yaliyokubaliwa hayakuwa mageni hata kidogo. Yalikuwa yakifanya kazi dukani, jikoni, katika kiwanja cha ujenzi, katika mgawanyo wa urithi na katika michezo ya watoto. Makala haya yanakusudia kuonyesha kuwa neno la namna hiyo huingia darasani likiwa na kazi yake mkononi, na kwamba mwalimu anayelichukua neno akaiacha kazi huwa amebeba ganda na kuacha kokwa.

Ngazi ya nusu

Kabla ya kilo na mita, watu wa pwani walipima nafaka kwa pishi. Pishi moja ilikuwa visaga viwili, na kisaga kimoja vibaba viwili, hivyo pishi ikawa vibaba vinne. Kwa uzani, pishi ilihesabiwa kuwa ratili 6 hivi, na kibaba ratili moja na nusu. Juu ya pishi palikuwa na frasila, ambayo wengi waliihesabu ratili 36 na wengine 35. Na juu ya frasila palikuwa na jizla, yaani frasila 10, au pishi 60. Nguo nazo zilikuwa na ngazi yake. Shibiri mbili ni mkono mmoja, ambao kwa jina la Kiarabu huitwa dhiraa. Mikono miwili ni wari. Wari mbili ni shuka. Shuka mbili ni doti. Doti moja, basi, ni mikono 8 au shibiri 16, na mtu alitembea na kipimo hicho mwilini mwake, hakukinunua.

Anayezitazama ngazi hizi mbili ataona mara moja kwamba zinapanda kwa kurudufu na kushuka kwa nusu: 1, 2, 4, 8, 16. Jizla na frasila zinatoka nje ya mpango huo, maana hizo ni vipimo vya biashara kubwa ya bandarini. Lakini vipimo vya nyumbani vinaufuata kwa uaminifu. Sababu yake si fumbo. Nusu ndiyo sehemu pekee ambayo mikono mitupu huweza kuipata bila chombo. Nguo hukunjwa ncha kwa ncha ikajigawa yenyewe. Chungu ya mtama hutengwa mafungu mawili, mmoja akagawa na mwenziwe akachagua, na ugomvi ukaisha. Jaribu kuikunja kanga mara tano zilizo sawa kwa kukisia, ndipo utakapojua kwa nini wazee hawakuwa na kipimo cha khumusi.

Fedha nayo ilifuata nyayo hizo. Rupia moja ilikuwa pesa 64, na 64 ni idadi inayokubali kukatwa nusu mara sita mpaka ikafika moja: 32, 16, 8, 4, 2, 1. Mwaka 1904 utawala wa Kijerumani uliziondoa pesa 64 na kuigawa rupia yake katika heller 100. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza ikaja shilingi ya Afrika Mashariki yenye senti 100, na Zanzibar ikaachana na rupia yake mwaka 1936. Faida ya mia moja kwa karani wa hesabu haina ubishi. Lakini mia moja hukatwa nusu mara mbili tu. Ya tatu inaleta kumi na mbili na nusu, na mwenye sarafu hana la kufanya.

Kwa bahati njema, kifaa cha kufundishia jambo hili hakikuondolewa na serikali yoyote. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Mwalimu wa darasa la sita anaweza kuwaambia wanafunzi wazichukue kete zote, wazigawe nusu, watupe nusu moja kando, waigawe iliyobaki, na waendelee hivyo hivyo huku wakihesabu ni mara ngapi wamegawa. Watapata sita. Kisha wachukue mbegu 100 za mahindi na kufanya vivyo hivyo. Watakwama kwenye 25, na hapo ndipo mahali pa kuwauliza kwa nini. Mtoto aliyekwama kwa mikono yake mwenyewe ameelewa maana ya kipeo cha sita cha mbili kuliko yule aliyeandikiwa ubaoni.

Jambo moja zaidi kuhusu kibaba kabla hatujakiacha, maana tutakirudia. Wazee walitofautisha kibaba cha mfuto na kibaba cha tele. Cha mfuto ni kile kilichofutwa juu kwa kijiti au kiganja, nafaka ikawa sawa na ukingo. Cha tele ni kile kilichoachwa na kichuguu chake. Aliyekopa kwa mfuto akadaiwa kwa tele alijua amedhulumiwa. Hakuwa na namna ya kusema amedhulumiwa kiasi gani.

Asili na kiasi

Majina ya sehemu katika Kiswahili yametoka kwa Kiarabu: nusu, theluthi, robo, khumusi, sudusi, subui, thumuni, tusui, ushuri. Matano kati ya hayo, nusu, robo, thumuni, theluthi na sudusi, yalishikamana na maisha ya watu wa pwani kwa sababu ndiyo yanayotumika katika mirathi ya Kiislamu. Mjane mwenye watoto hupata thumuni; mama wa marehemu aliyeacha watoto hupata sudusi; mtoto wa kiume huchukua kinachobaki. Hesabu hii haikuwa zoezi la kitabuni. Ilifanywa matanga yakiwa hayajasahaulika, mbele ya watu wenye majonzi na pengine wenye tamaa, na ilipaswa kutoka sawasawa.

Na itoke kwa nafaka. Tuseme marehemu ameacha frasila moja ya mchele, na kwa hesabu ya ratili 36 hiyo ni pishi 6, yaani vibaba 24. Thumuni ya mjane ni vibaba 3. Sudusi ya mama ni vibaba 4. Vinavyobaki kwa mwana ni 17. Hapana hata kibaba kimoja kilichopasuliwa, na sababu ni kwamba 24 hugawanyika kwa 8 na kwa 6 pia. Katika vitabu vyetu vya shule, idadi kama hiyo inaitwa kigawe kidogo cha shirika, kwa ufupi KDS. Mwanafunzi hukariri njia ya kuitafuta pasipo kuambiwa kwamba neno shirika humo lina maana yake ya kila siku: ni kitu ambacho watu wanashirikiana. Nane na sita wanashirikiana katika 24.

Tazama sasa maneno mawili ambayo watunzi wa vitabu vya Tanzania waliyachagua kwa namba za juu na za chini katika sehemu. Ya chini iliitwa asili, na ya juu kiasi. Sijui kama kuna lugha jirani iliyopata bahati kama hiyo. Asili hueleza kipande kimetokana na mgawanyo gani, kama vile tunavyouliza asili ya mtu. Kiasi hueleza vipande hivyo ni vingapi. Ndiyo maana thumuni na sudusi haziwezi kujumlishwa zilivyo: asili zao ni mbali mbali. Huna budi kuzipeleka kwenye asili moja, vipande vya 24, ndipo 3 na 4 vikawa 7. Mwalimu anayesema tu "tafuta KDS kisha gawanya kwa ya chini na zidisha kwa ya juu" ana majibu sahihi mikononi mwake, lakini amelizima neno lililokuwa tayari limeshaeleza kila kitu.

Nchini Kenya, ambako hisabati hufundishwa kwa Kiingereza katika madarasa ya juu, majina haya ya Kiarabu yamehifadhiwa katika somo la Kiswahili kwa jina la akisami, nayo hufundishwa kama msamiati. Mtoto wa Kenya, basi, huweza kuitaja tusui vizuri kuliko mwenzake wa Tanzania, ambaye husema "moja ya tisa". Na yule wa Tanzania huweza kuijumlisha kwa Kiswahili, jambo ambalo mwenzake hakufundishwa. Kila upande umeshika nusu moja ya kanga.

Yapo pia majina yaliyobaki baada ya kazi yake kuondoka. Sarafu ya senti 50 iliitwa thumuni, na kwa matamshi mengine sumuni, ingawa senti 50 ni nusu ya shilingi. Neno lilikuwa limezoea kutajwa kwa thumuni ya reale. Swali zuri la kumpa mtoto ni hili: ikiwa nusu shilingi ni thumuni, kitu kizima kilikuwa shilingi ngapi? Atajibu nne, na katika kujibu atakuwa ametatua mlinganyo wake wa kwanza bila kuogopeshwa na herufi.

Maneno ya vitabu vya 1967 na baada yake

Katika shule za kati za Tanganyika, mwanafunzi alilima shamba la shule kwa jembe na kusoma vipimo kwa Kiingereza: inchi 12 kwa futi, futi 3 kwa yadi, yadi 1,760 kwa maili. Yadi ilikuwa ndiyo wari aliyoijua mama yake dukani, lakini haikuletwa darasani kwa jina hilo, na watoto wengi waliviona kuwa vitu viwili. Palipokuja Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967 na vitabu vikapasa kuandikwa kwa Kiswahili, waandishi walikuwa na haraka, na haraka hiyo inaonekana. Hata hivyo kuna mahali ambapo walifanya kazi ya ufundi mkubwa, na napenda kukaa hapo kidogo.

Chukua jozi ya kigawe na kigawo. Mwanafunzi huzichanganya kila siku, na walimu wengine wamelalamika kwamba tofauti ya irabu moja ya mwisho ni ndogo mno kwa maneno yanayopingana. Lalamiko hili lina haki yake, hasa kwa sikio la mtoto aliyekaa nyuma ya darasa la wanafunzi tisini. Lakini lugha imesema wazi. Kiishio -e mara nyingi hutaja kile kilichotendwa: kiumbe ni kilichoumbwa, mteule ni aliyeteuliwa, mtume ni aliyetumwa. Kiishio -o mara nyingi hutaja chombo cha kutendea: kifuniko hufunikia, kizibo huzibia, ufunguo hufungulia. Basi kigawe ni kinachogawiwa na kigawo ni kinachogawia. Weka maandazi 12 mezani na watoto 3 wakizunguka: 12 ni kigawe cha 3, nayo 3 ni kigawo cha 12. Somo la sarufi na somo la hesabu limekuwa moja, na mwalimu wa Kiswahili angeweza kulifundisha katika kipindi chake bila kumwudhi mtu.

Hali ni hiyo hiyo kwa kipeo na kipeuo. Kiswahili hutumia mnyambuliko wa -u- kutengua tendo: funga na fungua, ziba na zibua, tega na tegua. Sikio la Mswahili husikia jambo kama hilo kati ya maneno haya mawili: la kwanza hupandisha, la pili hutengua. Na kazi ya kipeuo ipo mashambani. Wakulima wengi wa Tanzania hupima ekari kwa hatua 70 kwa 70. Ekari ya Kiingereza ni yadi za mraba 4,840, ambayo kipeuo chake cha pili ni 69 na nusu na kidogo. Hivyo hatua 70 za wari moja moja zinaikaribia sana, zikiwa na ziada ya wari za mraba 60 tu. Lakini mnunuzi wa leo akija na futi kamba ya mita, akapima mita 70 kwa 70, atakuwa amechukua mita za mraba 4,900 badala ya 4,047 hivi, ambayo ni zaidi ya ekari kwa sehemu moja ya tano na kitu. Kwa mita, upande wa ekari ni 63 na nusu na kidogo. Mkulima asiyejua kipeuo atauza ekari tano na kumwachia mnunuzi ya sita bure. Zoezi hili halihitaji kifaa chochote isipokuwa miguu ya wanafunzi na uwanja wa mpira, na kila mtoto anapopima hatua yake kwa rula hugundua kwamba hatua si wari wala si mita.

Namba tasa ni neno ambalo nimesikia likilaumiwa, na ninaelewa kwa nini: tasa ni neno zito, na katika darasa lolote yupo mtoto ambaye ana shangazi anayeitwa hivyo kwa kejeli. Kwa kazi ya mikono, neno hilo lina maana sahihi. Kete 12 hupangika safu mbili, tatu, nne au sita zilizo sawa. Kete 7 hazizai safu yoyote ila ule mstari mmoja. Shufwa na witiri nazo ni maneno ya msikitini. Mtoto anayesali huijua witiri kwa sababu ya rakaa zake. Mtoto wa bara asiyesali hupewa maneno mawili matupu, na kwake mwalimu afadhali aanze na jozi za viatu.

Mche, pembe na pia

Upande wa maumbo ndiko ambako lugha ilitoa mazao bora. Pembe ni pembe ya ng'ombe na pembe ya nyumba. Pembe kali na pembe butu ni sifa za kisu. Pembemraba huitwa hivyo kwa sababu ni ile ya fundi anayepiga mraba wa msingi kwa kamba ya 3, 4 na 5, jambo ambalo mafundi wetu hulifanya kila siku bila kumtaja Mgiriki yeyote. Nyumbani hupatikana kwa karatasi yoyote, hata iliyochanika pembeni: ikunje mara moja, kisha uukunje mkunjo juu yake wenyewe, na hapo pembemraba imepatikana. Kipenyo ni kinachopenya duara kutoka upande hadi upande. Mzingo ni unaozingira. Uzungushe uzi kwenye sinia yenye kipenyo cha sentimita 49, uunyooshe kando ya rula, na utaona sentimita 154 hivi. Rudia kwa kifuniko cha sufuria na kwa mdomo wa kikombe, na kila mara mzingo utakuwa kipenyo mara tatu na subui hivi.

Mche unastahili kifungu chake. Katika vitabu vya shule, mche ni umbo ambalo ncha zake mbili zinafanana na kulingana, nao huzaa majina mengine: mche mstatili, mchemraba, mcheduara. Mwanafunzi aliyefundishwa kwa picha ya ubaoni huona mistari iliyokatika katika na kukata tamaa. Lakini kila nyumba inajua sabuni ya mche. Ule mche mrefu hukatwa vipande, na popote kisu kinapopita, uso unaotokea ni ule ule. Hiyo ndiyo maana kamili ya umbo hilo, na ndiyo sababu ujazo wake ni eneo la uso mara urefu: ukijua uso mmoja unajua zote, unachobaki kuuliza ni kisu kingepita mara ngapi. Mwalimu mwenye mche wa sabuni na kisu hahitaji mchoro.

Pia ni mchezo wa watoto, kile kiti kilichochongwa ncha na kuzungushwa kwa kamba. Waandishi walilipa umbo lenye duara upande mmoja na ncha upande wa pili jina hilo, na sioni jina ambalo lingefaa zaidi. Kanuni yake inasema kwamba ujazo wa pia ni theluthi ya ujazo wa mcheduara wenye kitako na kimo sawa nayo. Mtoto huambiwa aiamini theluthi hiyo. Kuithibitisha kunahitaji mkebe mtupu, karatasi na mchanga. Sokota karatasi kama wafanyavyo wauza karanga, iingize ndani ya mkebe mpaka ncha iguse chini na mdomo uguse ukingo pande zote, kisha ikate sawa na ukingo. Sasa pia na mkebe vina kitako kimoja na kimo kimoja. Jaza pia mchanga mkavu na umimine ndani ya mkebe. Mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, mkebe umejaa.

Hapo ndipo tunapokirudia kibaba cha tele. Kichuguu kilicho juu ya kibaba ni pia, na kitako chake ni mdomo wa kibaba chenyewe. Ikiwa kimo cha kichuguu ni nusu ya kimo cha kibaba, ziada yake ni theluthi ya nusu, yaani sudusi. Basi vibaba sita vya tele ni sawa na vibaba saba vya mfuto. Aliyekopeshwa kwa mfuto na kudaiwa kwa tele alitozwa kibaba kimoja kwa kila sita, na dhuluma ambayo wazee waliijua kwa macho ina jina sasa na ina kiasi.

Biashara ya lumbesa ni tele ya zama hizi. Gunia hushonwa kiraka au wavu juu ya mdomo, likajazwa mpaka likavimba kama mlima, na mkulima akalipwa bei ya gunia moja. Serikali imeikataza mara kadhaa na kutaka gunia la mazao lisizidi kilo 100, lakini mkulima ambaye hana mizani shambani hutegemea macho. Sijapata kuona kitabu cha darasa la saba kinachouliza: ikiwa kimo cha pia iliyo juu ya gunia ni theluthi moja ya kimo cha gunia, mkulima ametoa bure sehemu gani? Jibu ni tusui. Kwa kila magunia tisa anampa mnunuzi la kumi.

Kilo na senti

Mwishoni mwa miaka ya 1960 nchi zetu ziliingia katika mfumo wa mita, kilo na lita. Haikosi kusemwa kwamba hatua hiyo ilikuwa ya lazima, na biashara ya leo isingewezekana bila hiyo. Pamoja na kilo yalikuja maneno yaliyotoholewa: desimali, mita, lita, na kutoka kwa hisabati mpya ya wakati huo, ambayo warsha zilizoanza Entebbe mwaka 1962 ziliieneza katika nchi nyingi za Afrika, likaja neno seti. Maneno ya namna hii hayana kosa. Upungufu wake ni kwamba yameingia mikono mitupu, na mwalimu hana budi kuyatafutia kazi.

Kazi ya desimali ipo dukani. Mama humtuma mtoto akanunue sukari nusu kilo, au robo, au nusu robo. Angalia: kipimo kimekuwa cha kumi, lakini mgawanyo umebaki ule ule wa pishi, kisaga na kibaba. Thumuni imekufa kwa jina na kuzaliwa upya ikiitwa nusu robo. Mtoto huyo huyo anaporudi darasani na kuona 0.125, haitambui. Laiti angeulizwa nusu robo ni gramu ngapi, angesema 125 baada ya kufikiri kidogo, na nukta ya desimali ingekuwa imepata mwenyeji wa kuikaribisha.

Mwanafunzi wa Tanzania anapomaliza darasa la saba na kuingia sekondari ya serikali, istilahi zote tulizozitaja humwondoka kwa siku moja. Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kianze kufundishia sekondari mwaka 1985, na pendekezo hilo halikutekelezwa. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 ilikitamka Kiswahili kwa ngazi zote, lakini hisabati ya sekondari imeendelea kuwa ya Kiingereza. Mtoto aliyejifunza pia kwa kuikariri hukuta ameipoteza na hana pa kuanzia. Yule aliyemimina mchanga mara tatu ana kitu ambacho lugha ya pili inaweza kukipa jina jipya.

Orodha za istilahi tulizozizoea zina safu mbili, ya neno la Kiingereza na ya neno la Kiswahili. Kwa hisabati ya shule ya msingi ningependekeza safu ya tatu, ya kazi, nayo iwe fupi. Mbele ya mche iandikwe: sabuni na kisu. Mbele ya asili: vibaba 24 vya urithi. Mbele ya kipeuo cha pili: upande wa ekari kwa mita. Mbele ya kigawe na kigawo: maandazi 12, watoto 3, na kiishio. Na mbele ya maneno yale ambayo hatujui la kuandika katika safu hiyo ya tatu, nafasi iachwe wazi, ili walimu walio kazini wapate kuijaza.